Kuchagua Mavazi ya Matabaka kwa Safari ya Uwindaji wa Miguu Wakati wa Baridi Kali

Mwindaji anayeingia milimani kwa miguu, akiwa amebeba hema, chakula, mfuko wa kulalia na silaha yake mgongoni, huishi maisha mawili katika siku moja. Alfajiri yeye ni mchukuzi: anapanda mlima na mzigo wa kilo 20 au zaidi, moyo unadunda, na jasho linaanza kumtoka hata kama maji yameganda ndani ya chupa. Saa mbili baadaye yeye ni mlinzi: ameketi juu ya jiwe katika upepo, darubini mkononi, na kwa muda mrefu hatakiwi hata kutikisa mguu. Mtu mzima aliyetulia huzalisha joto la takriban wati 100, na mtu huyohuyo akipanda mlima na mzigo huweza kuzalisha mara tano ya hapo au zaidi. Hakuna vazi moja linaloweza kumfaa katika hali zote mbili, na kwa sababu hiyo swali la msingi si jinsi hali ya hewa itakavyokuwa baridi, bali ni namna utakavyovuka kutoka kupanda hadi kuketi bila kubaki umelowa.

Watu wengi huanza ununuzi kwa koti la nje, kwa kuwa ndilo linaloonekana na ndilo la gharama kubwa, kisha hujaza mengine kwa nguo walizonazo nyumbani. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake: unaanzia kwenye ngozi na kutoka nje, kwa sababu kosa lililofanywa karibu na ngozi haliwezi kusahihishwa na koti lolote.

Hatua ya kwanza: Ijue baridi unayoiendea

Kabla ya kununua chochote, andika mambo manne kwenye karatasi: kiwango cha juu na cha chini cha joto kinachotarajiwa katika msimu huo, mwinuko wa mahali utakapowinda ukilinganisha na mahali palipopimwa hali ya hewa, muda utakaokaa bila kutembea kila siku, na idadi ya siku utakazokaa bila nafasi ya kukausha nguo. Joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo utabiri wa nyuzi 2 bondeni unaweza kumaanisha nyuzi 5 chini ya sifuri ukiwa mita 1,100 juu zaidi. Upepo nao una hesabu yake: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoe kana kwamba kuna takriban nyuzi 20 chini ya sifuri.

Jambo linalosahaulika zaidi ni aina ya baridi. Baridi kavu ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ambapo theluji ni unga unaopukutika kwenye nguo, mara nyingi huvumilika kwa urahisi kuliko siku ya nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri yenye manyunyu, theluji inayoyeyuka na vichaka vilivyolowa. Mwindaji anayejiandaa kwa namba kubwa ya baridi pekee huja na majaketi manene yanayonyonya maji, halafu huteseka katika hali ya hewa ambayo kwa kusikia tu ingeonekana ya kawaida. Ukiona kwamba safari yako itazunguka kwenye sifuri, ichukulie kuwa safari ya maji kwanza na safari ya baridi baadaye.

Hatua ya pili: Tabaka la ngozi

Maji husafirisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Maana yake ni kwamba fulana iliyolowa jasho, ambayo haikukusumbua ulipokuwa ukipanda, hugeuka kuwa kitu kinachonyonya joto lako mara tu unapoketi. Kazi ya tabaka la kwanza si kukupa joto. Kazi yake ni kuliondoa jasho kwenye ngozi na kulisambaza mahali ambapo litakauka.

Pamba iachwe nyumbani yote, na hapa ninasema yote nikimaanisha pia chupi, soksi na leso ya shingoni. Pamba hunyonya maji mengi, hukauka polepole, na ikilowa hulala juu ya ngozi bila kuacha nafasi ya hewa. Wengi huzingatia sharti hili kwenye fulana na kulisahau kwenye chupi, kisha hushangaa kwa nini kiuno, mahali mkanda wa shanta unapobana, hakikauki siku nzima.

Chaguo lililobaki ni kati ya sufu ya kondoo wa merino na nyuzi za viwandani kama poliesta. Sufu ya merino ina nyuzi nyembamba zisizowasha, huweza kubeba unyevu wa takriban theluthi moja ya uzito wake kabla ya mtu kuhisi kuwa imelowa, na haishiki harufu ya mwili kwa haraka, jambo lenye uzito wa pekee kwa mtu atakayevaa fulana moja kwa siku tano na ambaye windo lake lina pua kali. Udhaifu wake ni kwamba hukauka polepole kuliko poliesta na hutoboka upesi pale mikanda ya shanta inaposugua mabegani. Poliesta hainyonyi karibu chochote, hukauka upesi na hudumu, lakini kufikia siku ya pili hunuka. Kwa maoni yangu, mwindaji wa miguu atafaidika zaidi na merino nyembamba iliyochanganywa na nailoni kidogo, ya uzito wa takriban gramu 150 kwa mita ya mraba, kwa sababu mchanganyiko huo hukauka vizuri na huvumilia msuguano wa mikanda. Vitambaa vya gramu 250 vinapendeza dukani, lakini ni vinene mno kwa kupandia mlima. Vinafaa zaidi kulalia.

Nguo hii iubane mwili kiasi cha kugusa ngozi bila kuzuia pumzi, iwe ndefu kiasi cha kutotoka ndani ya suruali unapoinama, na iwe na zipu fupi shingoni. Zipu hiyo ndogo ndiyo dirisha lako: kuifungua na kuifunga ni rahisi kuliko kuvua shanta, na mwindaji mzoefu huigusa mara nyingi kwa siku bila hata kufikiri.

Kuhusu suruali ya ndani, usiivae unapopanda isipokuwa baridi imekuwa kali sana. Misuli ya mapaja ndiyo tanuri kubwa la mwili, na suruali ndefu ya ndani haivuliki bila kuvua viatu. Afadhali uibebe ya kuvaa kambini, au uchague ile inayoishia chini ya goti ili isikutane na soksi ndani ya kiatu.

Hatua ya tatu: Tabaka la kutembelea

Juu ya fulana unahitaji vazi moja utakalokuwa nalo karibu muda wote wa mwendo, na vazi hilo kwa kawaida ni flisi nyembamba. Flisi ni kitambaa cha poliesta kilichochanuliwa hadi kikawa na manyoya mafupi. Kilianza kutengenezwa na kampuni ya Malden Mills ya Marekani mwaka 1979, na hadi leo hakijapata mpinzani wa kweli katika jambo moja: hata kikilowa hakibonyei, na ukikikung'uta sehemu kubwa ya maji hutoka. Tafuta ile iliyofumwa kwa vijiraba vilivyoinuka upande wa ndani, kwa sababu mifereji iliyo kati ya vijiraba hivyo hupitisha mvuke na kuifanya nguo iwe nyepesi. Ikiwa na kofia iliyoshonwa pamoja nayo ni bora zaidi, maana kofia hiyo haipotei na hufunika shingo, mahali ambapo upepo hupenda kupenya.

Udhaifu wa flisi ni kwamba upepo hupita ndani yake kama kwenye wavu. Badala ya kununua flisi nene yenye utando wa kuzuia upepo, ambayo hulizuia jasho ndani, beba kijaketi chembamba cha upepo cha nailoni, cha uzito unaokaribia gramu 120, ambacho kikikunjwa hutosha kwenye kiganja. Ukiwa mgongoni mwa mlima unakivaa, ukiingia msituni unakivua. Sijaona kitu kingine chenye uzito mdogo kiasi hicho kinachofanya kazi kubwa namna hiyo, na bado ndicho ambacho wengi hukiacha nje ya orodha yao.

Suruali ya nje ya kutembelea iwe ya nailoni inayovutika, isiyo na bitana, yenye zipu za kupitisha hewa mapajani na magoti yaliyoimarishwa, kwani mwindaji hupiga magoti na kutambaa zaidi ya mpanda mlima wa kawaida. Mifuko yake isikae mahali mkanda wa shanta unapopita. Vivyo hivyo kwa mifuko ya jaketi: ukiifunga shanta kiunoni na mifuko yote ikafungwa nayo, utaishia kuhifadhi kifaa cha kupimia umbali mahali usipopafikia wakati mnyama amesimama.

Hatua ya nne: Tabaka la kukalia

Hapa ndipo safari nyingi hushinda au kushindwa. Katikati ya miaka ya 1930, Eddie Bauer, mfanyabiashara wa Seattle, alikwenda kuvua samaki wakati wa baridi akiwa amevaa nguo nzito za sufu. Akapanda kilima na gunia la samaki mgongoni, nguo zikalowa jasho, na aliposimama kupumzika baridi ikamshika kiasi cha kuanza kusinzia akiwa wima. Aliokolewa na mwenzake. Aliporudi alibuni jaketi la manyoya lililoshonwa kwa mistari, akalipatia hataza mwaka 1940. Kilichomponza Bauer si upungufu wa nguo, kwani alikuwa na nguo nyingi. Alikosa vazi kavu la kuvaa baada ya kusimama.

Vazi hilo kavu ndilo tabaka la kukalia: jaketi nene na jepesi linalokaa ndani ya shanta muda wote wa kupanda na kutoka tu unaposimama. Kuna aina mbili za kujaza ndani. Ya kwanza ni manyoya laini ya bata bukini, ambayo kwa uzito uleule huzidi kila kitu kingine kwa joto na hukunjwa yakawa madogo sana. Ubora wake hutajwa kwa namba kama 650, 800 au 900, ambayo ni inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya, yaani takriban gramu 28. Usidanganywe na namba hiyo peke yake: jaketi la manyoya ya 800 lililojazwa gramu 60 ni baridi kuliko la 650 lililojazwa gramu 200, kwa hiyo ulizia daima uzito wa manyoya yenyewe. Adui wa manyoya ni maji, kwani yakilowa hushikamana na kubonyea, na nafasi za hewa zilizokuwa zikihifadhi joto hutoweka.

Aina ya pili ni nyuzi za viwandani, kama zile za chapa ya PrimaLoft zilizobuniwa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya jeshi la Marekani lililotaka kitu cha kushika nafasi ya manyoya yanapolowa. Ni nzito zaidi na huchukua nafasi kubwa zaidi ndani ya shanta, na baada ya kukunjwa mara nyingi hupoteza unene wake. Lakini zikilowa hubaki na sehemu kubwa ya joto, na zinaweza kuvaliwa juu ya fulana yenye unyevu zikaikausha. Kwa baridi kavu chagua manyoya bila kusitasita. Kwa safari inayozunguka kwenye sifuri, yenye mvua na siku nyingi, chagua nyuzi za viwandani, au beba manyoya pamoja na nidhamu ya kuyahifadhi ndani ya mfuko usiopitisha maji kila yanapovuliwa.

Jaketi hili linunuliwe kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya nguo nyingine zote, hata juu ya koti la mvua ikibidi, kwa sababu utalivaa mara kwa mara ukiwa na haraka. Likikubana, manyoya hubonyezwa na faida yake hupotea. Liwe na kofia inayotosha juu ya kofia nyingine. Usilivae chini ya shanta ukitembea; mikanda huyabonyeza manyoya mabegani, jasho hulowesha mgongo, na jioni utakuwa na jaketi lenye unyevu mahali palepale unapohitaji joto.

Miguu ya mtu aliyeketi hupoa kabla ya kifua, na suruali nene ya kukalia ni kifaa ambacho wasafiri wa kawaida hawakihitaji ilhali mwindaji anayekaa saa nyingi na darubini anakihitaji sana. Sharti lake ni moja: iwe na zipu ndefu pembeni kuanzia kiunoni hadi chini, ili uivae na kuivua bila kuvua viatu. Kuvua buti kwenye theluji ili uvae suruali ni kazi utakayoifanya mara moja tu. Mara ya pili utaamua kuvumilia, na kuvumilia ndiko kunakokurudisha kambini kabla ya saa ya jioni ambayo wanyama hutoka malishoni.

Pamoja na suruali hiyo, beba kipande cha sponji ngumu isiyonyonya maji cha kukalia. Uzito wake ni kama gramu 50, na bila hicho, jiwe au theluji chini yako itachukua joto ambalo jaketi lote linahangaika kulitunza.

Hatua ya tano: Ngozi ya nje

Koti la mvua huja hapa, likiwa la mwisho, na mara nyingi litakuwa ndani ya shanta kuliko mwilini. Makoti ya kisasa yana utando wenye vitundu vidogo sana, uvumbuzi uliotokana na kazi ya Bob Gore, ambaye mwaka 1969 aligundua kwamba plastiki ya aina ya PTFE ikivutwa kwa nguvu ya ghafla hutanuka na kujaa vitundu vinavyopitisha mvuke lakini si matone ya maji. Uwezo wa kuzuia maji hupimwa kwa milimita za nguzo ya maji, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupenywa. 10,000 hutosha kwa mvua ya kawaida, ila mahali mikanda ya shanta inapobana na magoti yanapogusa ardhi, 20,000 au zaidi ni salama zaidi.

Hakuna utando unaoweza kuondoa jasho la mtu anayepanda na mzigo mzito. Kwa hiyo zipu ndefu za makwapani zina thamani kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye lebo. Vilevile dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kwenye kitambaa cha nje huisha. Koti likianza kunyonya maji badala ya matone kuteleza, utando bado unazuia, lakini mvuke hautoki na utajihisi umelowa kwa ndani. Lifue kwa sabuni maalumu, lisuuze vizuri, kisha likaushwe kwa joto la wastani kama lebo inavyoruhusu ili dawa iamke. Usitumie kamwe kilainishi cha nguo, kwa koti hili wala kwa fulana.

Mwindaji ana tatizo moja zaidi: makoti haya hupiga kelele. Kila mkono unapogusa ubavu husikika mkwaruzo ambao mnyama huutambua kwa mbali. Wengine hununua makoti ya kitambaa laini kilichofunikwa manyoya mafupi, ambayo ni kimya lakini ni mazito, na yakilowa huchukua muda mrefu kukauka. Mimi huona heri koti jepesi la kawaida livaliwe wakati wa kuhama na kuketi, kisha livuliwe kwa ajili ya dakika za mwisho za kunyemelea, hata kama flisi italowa kidogo. Katika baridi kavu yenye theluji ya unga, kijaketi cha upepo kinatosha na koti zito la mvua linaweza kubadilishwa na jepesi zaidi.

Hatua ya sita: Mikono, miguu na kichwa

Mikono ndiyo migumu kuliko yote, kwa sababu inatakiwa kuwa na joto na wepesi kwa wakati mmoja. Mpango unaofanya kazi ni wa vipande viwili. Ndani, vaa glavu nyembamba za merino au poliesta ambazo unaweza kuzivaa ukirekebisha darubini na kuweka risasi. Nje, vaa glavu nene zisizotenganisha vidole, kwa kuwa vidole vinavyokaa pamoja hupashana joto, na ziwe zimefungwa kwa kamba mkononi ili zianguke bila kupotea unapohitaji kidole. Beba jozi ya pili ya glavu nyembamba. Ya kwanza italowa, hilo halina shaka. Hakikisha kuwa kidole kilichovaa glavu nyembamba kinaingia kwenye kikingio cha kifyatulio bila kukigusa kifyatulio chenyewe. Ukishindwa jaribio hili nyumbani, glavu hizo si za kuwindia.

Miguuni, soksi moja nzuri ya sufu yenye unene wa wastani hupita soksi mbili nene zilizosongamana ndani ya buti. Buti linalobana huzuia damu, na mguu usiopata damu hupoa hata ukiwa ndani ya sufu kiasi gani. Nunua buti ukiwa umevaa soksi utakazosafiri nazo, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Buti zenye kitambaa kinene cha joto ndani zinafaa kwa anayeketi zaidi ya anayetembea. Kwa mwindaji wa miguu, gramu 200 hivi za kitambaa hicho kwa mita ya mraba, au bila hicho kabisa, hutosha hadi baridi iwe kali sana. Vifuniko vya nailoni vinavyoanzia kwenye buti hadi chini ya goti huzuia theluji kuingia kwa juu na huitunza suruali isilowe kwenye majani. Beba jozi tatu za soksi, na moja kati ya hizo isiguse kiatu kamwe: ni ya kulalia.

Kuhusu kichwa, madai ya zamani kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani si ya kweli. Kichwa hupoteza joto kwa kiasi kinacholingana na ukubwa wake, yaani takriban sehemu moja ya kumi. Bado kofia ni vazi rahisi kuliko yote kulivua na kulivaa, na kwa hiyo ni kirekebishi kizuri. Kofia nyembamba ya kutembelea, nene ya kukalia, na skafu ya mviringo ya shingoni zinatosha.

Hatua ya saba: Rangi na sabuni

Wanyama wenye kwato kama kulungu wana aina mbili tu za chembe za kuonea rangi machoni, kwa hiyo nyekundu na rangi ya chungwa huwaonekea kama rangi zilizofifia, ilhali buluu huwaonekea wazi. Epuka basi buluu, hata kwenye kijaketi cha ndani kinachochungulia shingoni, na epuka sabuni za kufulia zenye viangazaji, kwa kuwa huacha mng'ao wa buluu ambao macho ya wanyama hao huweza kuuona.

Rangi ya chungwa inayong'aa huvaliwa kwa ajili ya wawindaji wengine, na sehemu nyingi huiamuru kisheria. Mfano ni jimbo la Colorado nchini Marekani, ambako anayewinda wanyama wakubwa kwa bunduki hutakiwa kuvaa chungwa au waridi inayong'aa yenye eneo lisilopungua inchi za mraba 500, sawa na takriban sentimita za mraba 3,200, juu ya kiuno, ikiwemo kofia ya rangi hiyo. Soma kanuni za mahali unapokwenda, kisha nunua kizibao kinachoenea juu ya jaketi lako nene kuliko yote. Kumbuka pia kwamba shanta hufunika mgongo wote. Kipande cha pili cha kitambaa hicho kifungwe juu yake.

Hatua ya nane: Jaribu kila kitu pamoja

Juma moja au mawili kabla ya safari, vaa matabaka yote kwa mpangilio wake, kisha fanya mambo ambayo duka halikuruhusu kuyafanya. Inua mikono, chuchumaa, lala kifudifudi. Ukiwa na bunduki tupu uliyoikagua, iweke begani ukiwa na jaketi nene: unene huo husukuma kitako mbele, na jicho linaweza kuwa mbali mno na darubini ya bunduki kiasi cha kuona duara jeusi. Ukigundua hivyo nyumbani utarekebisha darubini au utaamua kufungua jaketi kabla ya kulenga. Ukigundua mlimani utapoteza nafasi. Anayetumia upinde avute akiwa amevaa kila kitu, kwani upote hugonga mkono wa jaketi uliolegea na kuupoteza mshale.

Halafu pima uzito. Nguo ambazo hazijavaliwa, yaani zile zitakazokaa ndani ya shanta, zikizidi kilo 3 hivi, kuna kitu umebeba mara mbili. Mara nyingi ni flisi ya ziada. Ondoa hiyo kabla ya kuondoa soksi au glavu. Mwisho, chagua jioni moja mbaya yenye mvua, panda kilima chochote na shanta lililojaa hadi utoke jasho, kisha keti nje saa nzima. Jaribio hilo litakufundisha mambo ambayo mwongozo huu hauwezi.

Hatua ya tisa: Kuzitumia nguo porini

Anza mwendo ukiwa unahisi baridi kidogo. Ikiwa umestarehe unapovaa shanta, umevaa nguo moja zaidi. Baada ya dakika kumi au kumi na tano simama, fungua zipu au vua, na upunguze mwendo kabla ya jasho badala ya kulisubiri. Mwendo wa polepole pia ni kifaa cha baridi, na ni cha bure.

Ukifika mahali pa kuangalizia, mpangilio wa dakika za kwanza una uzito kuliko nguo zenyewe. Usikae kwanza ukasubiri kupoa. Mara shanta inaposhuka, vaa kijaketi cha upepo na jaketi nene wakati joto la kupanda bado limo mwilini, kwa kuwa jaketi halitengenezi joto bali hutunza lililopo. Fulana ikiwa imelowa kabisa, ivue na uvae kavu. Ni sekunde 30 za mateso, lakini hulipa kwa saa tatu zinazofuata. Kisha suruali ya kukalia, sponji, kofia nene, na kitu cha kula.

Usiku, nguo zenye unyevu kidogo unaweza kulala nazo zikakauka kwa joto la mwili, lakini zilizolowa zisiingie ndani ya mfuko wa kulalia, hasa mfuko wa manyoya, kwani unyevu huo huhamia humo na kujilimbikiza usiku baada ya usiku. Soksi zilizokamuliwa zikae tumboni. Buti ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki miguuni mwako ili zisiamke zimeganda.

Angalia dalili kwa mwenzako, na umwombe aangalie kwako. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kutetemeka, kujikwaa, kuangusha vitu, kunung'unika bila sababu na kutamka maneno kwa uzito. Anayeshindwa kufunga zipu yake mwenyewe hapaswi kushika silaha iliyojazwa. Kutetemeka kukikoma bila yeye kupata joto, hiyo ni hatari kubwa: avuliwe nguo zilizolowa kwa upole, avikwe kavu, awekewe kinga chini na asiachwe peke yake, huku msaada ukitafutwa.

Mnyama akianguka, mara nyingi ni jioni na mwili wako umepoa kwa kuketi. Vua jaketi nene kabla ya kuanza kuchuna, vaa glavu za mpira juu ya zile nyembamba, na vaa kijaketi cha upepo, kwani kazi yenyewe itakupasha joto na damu haitoki kwenye manyoya ya jaketi kirahisi. Safari ya kurudi na nyama ndiyo nzito kuliko zote, na utatoka jasho hata kukiwa na barafu, hivyo vaa fulana na flisi peke yake. Jaketi la manyoya lifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na liwekwe juu kabisa ya shanta, si chini ya nyama, kwa sababu utalihitaji gizani kwenye kituo cha kwanza cha kupumzika, na wakati huo mikono yako haitakuwa na subira ya kufukua mzigo.